Aliyeotwa

4 Machi

Dada,

Mimi mzima, kidonda cha mkono kimefunga, na kabla hujauliza: ndiyo, nakula. Sasa tuendelee.

Wamenipa jengo jipya. Ghorofa kumi na mbili, lifti tatu, mbili za watu na moja ya mizigo, na zote ziko chini yangu mimi, mdogo wako ambaye ulisema hawezi kufunga hata bawaba ya mlango. Nina chumba changu juu kabisa, karibu na mota, chenye meza, droo inayofungika kwa ufunguo na kalenda ya mwaka juzi. Kazi yenyewe hasa iko shimoni. Unasimama juu ya paa la lifti, tochi mdomoni, kamba za chuma zinapita karibu na sikio, na chini yako ni giza tupu. Nimezoea, siogopi.

Ila juzi mwenzangu mmoja, fundi umeme, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja kazini amenywea. Kamwota mkewe amekufa. Basi muda wote wa chai ukawa mjadala wa hiyo ndoto. Karani akasema ukimwota mtu amekufa umemwongezea miaka, huyo mke atazeeka mpaka amchoke. Mlinzi akasema hapana, maana yake kuna harusi inakuja katika ukoo. Msimamizi akasema maana yake ni kushiba na kulala papo hapo. Watu walivunjika mbavu. Mimi sikucheka.

Nilimvuta pembeni nikamfundisha ya Mama. Unayakumbuka? Ukimwota mtu amekufa, usimwambie. Mwombe kitu chake alichokwisha kukivaa au kukilalia, ukae nacho siku arobaini, na ndoto itaisha nguvu. Na anayeombwa atoe bila kuuliza ya nini, maana akiuliza itabidi aambiwe, na ikishatamkwa mbele yake haizuiliki tena. Mama aliyatoa wapi mambo hayo sijui, sijakutana na mtu mwingine anayeyajua. Lakini aliponiomba mkanda wangu wa shule nilimpa bila neno, na wiki hiyo hiyo lori la mchanga likapita juu ya baiskeli yangu, mimi nikiwa nimeshuka kununua kalamu. Baba alipoombwa shati aliuliza ya nini. Akauliza tena, akamng'ang'ania Mama siku nzima mpaka akaambiwa, huku anacheka. Tulimzika kabla mwezi haujaisha.

Fundi umeme amemwomba mkewe kitambaa chake cha kichwa. Mke ametoa, ila anamtazama kwa jicho baya, anadhani kuna mwanamke mwingine anayepelekewa.

Niandikie. Tumia sanduku la kampuni kama kawaida, maana chumba nilichopanga nataka kukihama.

Mdogo wako,
Kitinda

15 Machi

Kitinda,

Barua yako imenikuta nimepiga magoti mbele ya kochi la mwalimu mkuu ninalolishona upya, nimelipasua tumbo. Nimetoa humo vifungo saba, kijiko, meno ya bandia na barua ya mapenzi. Meno nimemrudishia mwenyewe. Barua nimeichoma, maana mwandiko haukuwa wa mkewe.

Hongera ya jengo. Bawaba bado huwezi.

Sasa hiyo ndoto. Wewe ulikuwa na miaka tisa Baba alipokufa, mimi nilikuwa na kumi na tisa, kwa hiyo leo nisikilize. Baba hakufa kwa kuuliza swali. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu mwanzo wa mwaka, alikuwa akipanda zile ngazi tatu za mlangoni anakaa ya pili kupumzika. Mama ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumgeuza. Mchana kutwa aliona kwa macho yake jambo ambalo hakutaka kuliona, likamfuata usingizini, basi. Shati aliliomba kwa sababu alitaka kubaki na kitu chenye harufu yake. Kusema hivyo wazi asingeweza, ndivyo alivyokuwa. Akatafuta njia ya kuzunguka, na wewe ukaigeuza kuwa sheria.

Mimi nilikuota umekufa mara nne au tano, ulipougua surua. Sikukuomba hata kifungo. Na uko hapo, unaning'inia kwenye mashimo ya watu. Unamwota mtu amekufa kwa sababu unampenda na unaogopa, na ukiwa umelala huna kazi ya kukusahaulisha. Hakuna zaidi ya hapo. Mwambie huyo fundi amrudishie mkewe kitambaa chake kabla nyumba haijavunjika.

Mimi nakohoa kidogo. Ni vumbi la sponji kuukuu. Nimenunua kitambaa cha kufunga puani lakini kinanitoa jasho, nakivua. Mpwa wako ananisumbua niende kupimwa, nimemwambia nitakwenda kochi likiisha. Amehamishiwa shule ya mbali kidogo siku hizi, anakuja mwisho wa wiki, anasahihisha madaftari yake kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa na kunigombeza kama mwanafunzi wake.

Dada yako, naye anakula

8 Aprili

Mwanangu,

Nimempa barua hii muuguzi wa zamu ya asubuhi akupelekee posta. Usije mbio, maliza mitihani ya watoto wa watu kwanza.

Ile picha ya kifua imerudi. Daktari ni kijana, anaongea na faili badala ya kuongea nami, lakini nimemsoma usoni. Kuna kitu kwenye pafu la kulia na hakikuanza jana. Wamenilaza. Niko kitanda cha nne, kando ya dirisha lisilofunga.

Nisikilize vizuri. Mjomba wako asijue. Miaka kumi na minane alikuwa msaidizi wa mtu, ndiyo kwanza amepewa jengo lake. Akisikia ataacha kila kitu aje kukaa hapa anililie mpaka wauguzi wamfukuze. Nitamwambia mwenyewe nikitoka. Ukimwandikia sitakusamehe, na unanijua.

Niletee kalamu, karatasi na soksi. Kufuli ya karakana igonge mara mbili, inajidai imefunga.

Mama yako

9 Aprili

Kitinda,

Leo sina mengi. Kochi la mwalimu mkuu limeisha, limetoka zuri kuliko yeye.

Baridi ni kali mwaka huu, inapenya dirishani. Nataka kukuomba kitu. Lile sweta lako la kahawia la siku za chuo, lenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi wa kijani kwa sababu ulishona mwenyewe. Kama bado unalo, nitumie. Usihangaike kulifua.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia mapajani. Mpwa wako hajambo, anakusalimu. Ukiweza, litume mapema.

Dada yako

18 Aprili

Dada,

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya lifti ya mizigo, kati ya ghorofa ya nane na ya tisa. Nilishuka kwa ngazi.

Sweta ndilo hili. Halijafuliwa. Nimelivaa juzi na jana ili liwe limevaliwa kweli.

Sitauliza chochote. Unajua kwa nini siulizi, na mimi najua kwa nini hukusema. Nimeelewa, tena nimeelewa kuliko unavyofikiri. Wewe si mtu wa kuomba omba, kwa hiyo najua jambo hili si dogo kwako, na nakushukuru kwamba hukulidharau. Ukihitaji kitu kingine niambie, nitavua hata nilichovaa, na hutasikia swali kutoka kwangu. Tusilitamke tu. Tukilitamka tutalipa nguvu.

Huku kazi ni nyingi. Siku hizi najifunga mikanda miwili ya usalama badala ya mmoja. Fundi umeme anasema nimekuwa bibi harusi, nusu saa najivika kabla ya kutoka. Mkewe ni mzima, zimefika siku arobaini na kitu sasa, na kitambaa amerudishiwa.

Kitinda

27 Aprili

Kitinda wangu,

Nimelia nilipoisoma, na wewe unajua mara ya mwisho ilikuwa lini. Nilikuwa nakuzunguka kwa sababu nilidhani utapiga kelele, uache kazi, ujichanganye. Kumbe sweta tu limekutosha kuelewa. Umekua lini? Nilikuacha mtoto anayeogopa kwenda chooni peke yake.

Basi sawa, tusilitamke. Mimi pia likitamkwa linanikata miguu.

Sweta nalala nalo. Kuna siku naamka nimeloa jasho, moyo unanidunda, nalishika natulia. Naona kimoja hakitoshi, nikuombe tena? Foronya ya mto wako, hiyo unayoilalia sasa hivi. Ivue ikiwa hivyo hivyo, uitie kwenye bahasha.

Najua kazi yako haikuachii nafasi, na sikuombi zaidi ya utakachotoa mwenyewe kwa moyo wako. Umeshaelewa hali ilivyo, kwa hiyo la kufanya utalijua. Nitafurahi ukilifanya mapema.

Dada yako

6 Mei

Kwa Msimamizi,

Kuhusu: Ruhusa ya ugonjwa

Naomba ruhusa ya wiki sita kuanzia leo. Mgongo umenikaza na daktari amenikataza kupanda, kushuka na kuinama. Fundi umeme anazijua lifti zote tatu. Ile ya mizigo isibebe uzito mkubwa mpaka breki ibadilishwe, tafadhali sana, na mtu asisimame chini yake.

Barua zangu zikija ziwekwe kwenye droo yangu kule juu. Ufunguo nimemwachia karani. Zisitumwe popote, nitazichukua nikirudi.

Wako mtiifu,
Fundi lifti

6 Mei

Dada,

Foronya hii hapa. Nimeilalia mpaka leo asubuhi.

Kazi inakwenda vizuri. Lifti ya kushoto ilikuwa inalia ikipita ghorofa ya tano, nimetia oili, imenyamaza. Kuna mawakili ghorofa ya saba wamenipongeza, wanasema tangu nije hawajakwama hata siku moja. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi nami.

Ukiniona kimya siku zijazo, ni kazi tu. Lile la kufanya nimelijua na nimelifanya. Safari yoyote kwa sasa sitaiweza, barabara zenyewe unazisikia, kila wiki basi limepinduka mahali. Tutaonana jambo hili likishapita. Naamini litapita, Dada, tukivumilia na kunyamaza.

Kitinda

14 Mei

Kitinda,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliponiuliza hali. Sijapaona. Nimeona lifti ya kushoto, nimeona oili, nimeona mawakili wa ghorofa ya saba. Halafu unasema tutaonana jambo hili likishapita. Mdogo wangu, jambo hili likishapita tutaonana wapi?

Nilikubali tusilitamke. Sikukubali usije. Niliposema la kufanya utalijua, nilidhani hata mtoto angeelewa.

Wamenitoa maji kifuani mara mbili, kwa sindano ambayo wewe ungezimia kuiona. Nimebaki mifupa na maneno, na maneno nayo yanaanza kupungua. Mwenzangu wa kitanda cha tano aliondoka Jumatatu, godoro lake limeshageuzwa na amelala mwingine. Ndugu zake walikuwa wakijaa hapa mpaka muuguzi anawahesabu na kuwatoa kwa zamu. Mimi nina binti mmoja, anayekuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, na kando ya kitanda kuna kiti cha mtu mmoja. Siku nyingine zote kiti kile kinakaa kitupu na wageni wa watu wanakiazima.

Nilikubeba mgongoni nikienda kisimani, kwa sababu ukiachwa nyumbani ulikuwa ukilia mpaka unatapika. Sijawahi kukudai kwa hilo. Leo nadai. Omba ruhusa ya siku tatu. Lifti hazitakulilia.

Njoo.

Dada yako,
Wodi ya wanawake namba mbili, kitanda cha nne

22 Mei

Kitinda,

Leo asubuhi binti alikuwa ananichana nywele, nikashtuka mpaka akadhani kaniumiza. Kisha nikaanza kucheka, na kicheko siku hizi nakilipia kwa kikohozi cha nusu saa. Sweta. Foronya. Sitauliza chochote. Mikanda miwili. Ewe mjinga wangu wa pekee, umedhani nimekuota.

Sijakuota. Mimi naota makochi. Sweta niliomba kwa sababu dirisha halifungi na kwa sababu lilikuwa lako. Nilitaka kitu kinachonukia wewe, kama Mama alivyotaka shati la Baba. Nilikueleza hayo yote mwenyewe kwa barua, mwezi wa tatu, halafu nikasahau kwamba mimi unanisikiliza na Mama ndiye unayemwamini.

Wewe hufi. Panda lifti zako. Mimi ndiye ninayekufa, Kitinda. Naliandika wazi hapa usije ukalitafutia maana nyingine. Daktari anahesabu wiki, hahesabu tena miezi. Kukuficha lilikuwa kosa langu, ningekuambia mwezi wa nne tungeshaonana. Kutokuuliza ni kosa lako. Tutagombana ukifika, nimeweka nguvu kidogo kwa ajili hiyo.

Binti ameomba ruhusa shuleni, atakaa nami mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwambia aandike HARAKA juu ya bahasha kwa kalamu yake nyekundu. Basi linaloondoka huko alfajiri linafika hapa saa nane mchana. Sina hasira tena, naomba ulijue hilo ukiwa njiani.

Nakusubiri.

Dada

16 Juni

Dada yangu,

Zimetimia. Nimehesabu siku arobaini tangu nilipoipeleka foronya posta, na jana jua limezama nikiwa hai. Sasa naweza kusema.

Tangu tarehe sita Mei sijakanyaga kazini. Mgongo hauumi, nilidanganya. Nimekaa kwenye chumba changu kipya, kiko chini, hakina ngazi. Kabati nimelivuta mbali na kitanda lisiniangukie, waya za umeme nimezichomoa zote, maji nachemsha mara mbili. Mama mwenye nyumba ananiletea chakula mlangoni na kunitazama kama mtu aliyeua na kukimbilia kwake. Siku ya kumi na mbili nilisikia harufu ya moshi nikatoka nje na suruali moja. Kumbe jirani anachoma takataka. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Nisamehe, barua zako sijazisoma. Kama zipo, zipo kwenye droo kule juu, na sikuthubutu kuzifuata. Niliogopa ukiniomba kitu cha tatu moyo utasimama wenyewe kabla kamba haijakatika. Maana nilifikiria hivi: huyu ndiye aliyeniota mara tano nina surua asiniombe hata kifungo. Huyu ndiye anayemcheka Mama. Akifika hatua ya kuomba sweta, halafu foronya, halafu anaandika kwamba anaamka ameloa jasho, basi alichokiona si cha kuchezea. Nililala nikijiuliza umeona nini, breki au kamba. Hata sasa usiniambie.

Ulinicheka kisha ukafanya. Umenilea, umenisomesha kwa misumari na sponji, na sasa umenirudisha kwenye uhai nikiwa na miaka arobaini na moja. Sijui mtu anamshukuruje dada kwa kitu kama hicho.

Kesho kutwa narudi kazini, nitazisoma barua zako zote kwa mpigo. Mwezi wa saba nina likizo. Nitakuja, nitakaa mwezi mzima, nitakung'olea misumari ya makochi mpaka uchoke kuniona.

Na kile kikohozi, kilikwisha? Ndiyo kwanza nakumbuka kuuliza.

Ukijibu tumia anwani ya mama mwenye nyumba, iko nyuma ya bahasha.

Kitinda wako, mzima

24 Juni

Mjomba,

Barua yako ya tarehe kumi na sita imekuja kwa jina la Mama. Nimeifungua mimi.

Mama alifariki tarehe thelathini Mei, saa kumi na nusu alasiri. Tulimzika siku iliyofuata. Labda ulipofika kazini ulishazikuta barua zake na umeanza kujua. Kama hujazisoma, ziko mbili ambazo hukuziona. Ya mwisho ina neno jekundu juu yake, mwandiko wangu. Zisome ukiwa umekaa.

Nilipiga simu kazini kwenu mara tatu, kwenye simu ya ofisi ya daktari mkuu, wakiniangalia saa. Waliniambia unaumwa mgongo, umelala, na kwamba umehama hakuna anayejua ulikohamia. Nilikuhurumia. Nikamficha Mama, asije akabeba na ugonjwa wako juu ya wake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka nisikujibu. Mara ya pili nilitaka nikuandikie maneno ambayo nikiyakuta kwenye daftari la mwanafunzi namwita mzazi wake. Nimekuchukia, Mjomba, sikufichi. Halafu nimekumbuka kwamba mimi nilijua tangu mwezi wa nne, anwani ya kampuni ninayo, kalamu ninayo, na nilikaa kimya kwa kuwa niliambiwa ninyamaze. Kila mmoja wetu alimfichia mwenzake kwa kumpenda. Kwa hiyo nitaandika tu yaliyotokea, ili angalau hilo usilazimike kulikisia.

Tangu alipoituma ile barua ya mwisho hakuwa na shaka kwamba unakuja. Alipiga hesabu kwa vidole, siku tano barua, siku moja ruhusa, siku moja njiani. Tarehe ishirini na nane aliniambia nimkate kucha. Ishirini na tisa alitaka sweta livuliwe lifuliwe, kisha akaghairi, akasema ukute amelivaa. Tulikwenda hivyo. Kila saa nane wageni wa watu walipoanza kuingia alitaka mto uinuliwe, na walipoanza kutoka alitaka ushushwe.

Tarehe thelathini hakuweza tena kuinuliwa. Saa nane ilipopita aliniuliza kama umefika. Nikasema bado. Baadaye kidogo akauliza tena, nikasema bado. Saa tisa akauliza, na mimi nilikuwa nimechoka kusema bado, Mjomba. Nikamwambia ndiyo, amefika, yuko nje ananawa mikono. Akatabasamu. Akasema, "Grisi ile haitoki. Mwambie aingie hivyo hivyo."

Nikainuka nikatoka. Nikasimama kwenye korido muda ambao mtu angetumia kukuambia, kisha nikarudi nikakaa kitini. Nikamwambia unakuja. Aligeuza uso kuelekea mlangoni na hakuugeuza tena. Alikaa anautazama mlango ule mpaka saa kumi na nusu, na mimi nikautazama pamoja naye, kwa sababu kumtazama yeye sikuweza.

Mpwa wako